Wimbo wa Uvira na Tatizo la Kipimo

Utangulizi

Msafiri anayetoka Lubarika kuelekea Uvira huifuata barabara ya Bonde la Ruzizi, akapita Bwegera, Luberizi, Sange na Kiliba kabla ya kuliona ziwa. Safari yenyewe si ndefu, lakini kwa mwenye masikio ni somo zima la muziki. Dukani husikika rumba ya Kinshasa kwa Kilingala. Penye kituo cha pikipiki, nyimbo za vijana wa Dar es Salaam. Kanisani, kwaya ikiimba kwa Kiswahili. Na penye harusi, Kifuliiru au Kirundi kikipokezana na Kiswahili hicho hicho. Wenyeji hawaoni ajabu yoyote. Hayo ndiyo maisha yao ya kila siku, na masikio yao yamezoea kupokea sauti kutoka pande nne.

Ajabu ipo katika maandishi. Mtu akitaka kusoma habari za muziki wa mashariki ya Kongo katika majarida na vitabu vya wataalamu wa Kiswahili, atakuta kwa wingi habari za wale walioondoka: waliokwenda Nairobi, waliokwenda Dar es Salaam, waliokwenda Kinshasa wakabadili lugha. Walioimba na kubaki ni wachache mno katika kurasa hizo. Msomaji wa mbali aweza kudhani kuwa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika ni bandari tu ya kupandia meli, si mahali ambapo watu hukaa wakaimba.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ukimya huo hausababishwi na uhaba wa nyimbo, bali na uhaba wa kipimo. Mhakiki anayeukabili wimbo wa Uvira huwa na vipimo viwili mkononi, na vyote viwili si vya kwao: kipimo cha rumba ya Kinshasa, na kipimo cha Kiswahili sanifu. Kwa kipimo cha kwanza wimbo huonekana kuwa mwigo. Kwa cha pili huonekana kuwa kosa. Tutajaribu kueleza asili ya vipimo hivyo, tuvijaribu kwa mfano mmoja ujulikanao, kisha tuulize ni kipimo gani kingeutendea haki wimbo huu, yaani kuusifu unapostahili sifa na kuulaumu unapostahili lawama.

Lugha iimbwayo na njia zake

Kiswahili hakikufika Uvira juzi. Burton na Speke walipofika hapo mwaka 1858, na Livingstone na Stanley walipouchunguza mwisho wa kaskazini wa ziwa mwaka 1871, walisafiri katika njia zilizokwisha kukanyagwa na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani na Ujiji. Lugha iliyokuja na misafara hiyo ilikutana na Kivira, Kifuliiru, Kibembe na Kirundi. Baadaye ilichukuliwa na utawala wa Wabelgiji, shule na makanisa, ikapata umbo lake la huku. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili cha Kongo kilivyofanywa chombo cha kazi na amri. Jambo ambalo watawala hawakulipanga ni kwamba watu waliopewa lugha ya kuamriwa wangeichukua wakaipa kazi ya kulilia, kubembelezea na kuchekea.

Leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa la Kongo, pamoja na Kilingala, Kikongo na Kiluba. Lakini katika muziki lugha hizo nne hazikupewa nafasi sawa. Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi na lugha ya okestra kubwa za Kinshasa, na katika miaka ya utawala wa Mobutu, toka 1965 hadi 1997, sauti ya mji mkuu ilienea nchi nzima. Mwanamuziki wa mashariki aliyetaka kusikika kote nchini alivutwa kuimba Kilingala. Aliyetaka kubaki na Kiswahili aligeuza uso upande wa mashariki: Bujumbura, ambako mtaa wa Buyenzi una Waswahili wake, Kigoma, ng'ambo ya maji, na zaidi ya hapo, Dar es Salaam na Nairobi.

Ndiyo maana historia ya wimbo wa Kiswahili wa Kongo imeandikwa kama historia ya safari. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville mwaka 1952, alikwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na upigaji wake wa gitaa ukawafunza wengi huko. Baba Gaston alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 kisha akahamia Nairobi, ambako baadhi ya wapigaji wake waliunda Les Mangelepa mwaka 1976. Maquis du Zaire nao walitoka Katanga wakaweka makao Dar es Salaam. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliye mtoto wa Uvira. Hata hivyo, hao ndio waliowafundisha wasikilizaji wa Afrika ya Mashariki namna ya kuusikia wimbo wa Kiswahili utokao Kongo, na hukumu wanayopewa wao humwangukia pia kijana wa Uvira anayeshika gitaa leo.

Mfano wa Remmy Ongala

Katika kuvijaribu vipimo vyetu, hakuna mfano ulio bora kuliko Remmy Ongala. Alizaliwa Kindu, mji wa Maniema kwenye mto Lualaba, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na baadaye akawa kiongozi wa Super Matimila. Albamu yake ya Songs for the Poor Man ilitolewa Uingereza na Real World mwaka 1989, ikafuatwa na Mambo mwaka 1992. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010, na mpaka sasa kuna kituo cha basi mtaani Sinza kinachoitwa kwa jina lake.

Mara nyingi Remmy husifiwa kwa maudhui yake. Husemwa kuwa alikuwa mtetezi wa mnyonge, kwamba aliimba juu ya umaskini, kifo na UKIMWI wakati wengine wakinyamaza. Sifa hizo ni za kweli. Wimbo wake wa Mambo kwa Soksi, uliohimiza matumizi ya kondomu, haukupewa nafasi redioni, na hilo pekee latosha kuonyesha kwamba maneno yake yaligusa mahali. Lakini mhakiki anayeishia kwenye maudhui huwa ameifanya nusu ya kazi. Watu wengi walisema juu ya kifo na umaskini katika miaka hiyo, majukwaani na mimbarani, na maneno yao yamesahauliwa. Kwa nini ya Remmy hayakusahauliwa?

Tunaona kwamba jibu liko katika fani, na hasa katika aina ya Kiswahili alichokitumia. Katika wimbo wa Kifo, mwimbaji hazungumzi juu ya kifo bali anazungumza nacho, kama mtu amkabiliye jirani aliyemkosea. Tashihisi hiyo haikupambwa kwa msamiati wa kishairi wala kufungwa kwa vina. Imejengwa kwa sentensi fupi za mazungumzo, zinazorudiwa na kuongezwa kidogo kidogo, huku magitaa yakimwachia nafasi ya kusema. Msikilizaji hupata hisia kwamba maneno yanatafutwa palepale. Muundo huo ni wa mtu aliyekulia katika Kiswahili cha kuongea, ambacho uzito wake hautoki katika mizani iliyohesabiwa, bali katika pumzi na katika kurudia. Remmy hakushinda kwa kuuficha Ukongo wa lugha yake. Lugha hiyo ndiyo iliyombeba.

Katika albamu ile ya 1989 umo pia wimbo uitwao Muziki Asili Yake Wapi. Jina hilo ni swali, na ni swali ambalo wahakiki wetu wamelijibu kwa vitendo bila kukusudia. Tumemkubali Remmy baada ya Dar es Salaam kumkubali, na tumemkubali zaidi baada ya Uingereza kumtolea albamu. Je, kama asingesafiri? Kama angebaki Kindu, au kama angeshuka mpaka Uvira akaimba hapo kwa Kiswahili kile kile na kwa ujasiri ule ule, je, kuna jarida lolote la Kiswahili ambalo lingemwandikia ukurasa mmoja? Tukiwa wakweli, tutajibu kuwa halipo. Basi kipimo chetu kilikuwa cha safari, si cha wimbo.

Lugha kama nyenzo

Hapa hatuna budi kuzungumzia lawama ya pili, yaani kwamba Kiswahili cha nyimbo hizi ni kibovu. Wako walimu wanaowakataza wanafunzi wao kuzitumia nyimbo za kwao katika somo la fasihi kwa sababu hiyo. Mwanafunzi hufundishwa kwamba lugha anayoimbia kanisani na harusini haifai kuchambuliwa darasani. Madhara yake si madogo: mtu aliyefunzwa kuionea haya lugha yake huacha kuisikiliza, na asiyesikiliza hawezi kutunga vema.

Tuchukue mifano miwili ya sarufi. Kiswahili cha Kivu hutumia kiambishi tamati -ga kuonyesha jambo la mazoea: tunalimaga, wanaimbaga, tunaliaga. Sarufi sanifu huliita hilo kosa na kuelekeza matumizi ya hu-. Lakini tutazame kinachotokea katika utunzi. Neno "hulia" halina nafsi ndani yake. Anayelia aweza kuwa mimi, wewe au wao, na ni lazima atajwe kando. "Tunaliaga" lina nafsi ndani yake; ndani ya neno moja mna sisi, mna kulia, na mna mazoea ya kulia. Kwa mtunzi wa maombolezo hiyo si tofauti ndogo. Jambo la mazoea laweza kusemwa bila kumpoteza anayelitenda.

Kuna zaidi. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "tunalia" mkazo uko juu ya "li". Ukiongeza -ga, mkazo husogea juu ya "a", irabu iliyo wazi ambayo sauti huweza kuivuta kadiri pumzi inavyoruhusu. Mwimbaji aliyezoea kuimba na umati hulijua jambo hilo kwa koo lake hata kama hajawahi kusoma fonolojia. Wala matumizi hayo si ya Kongo peke yake, kwani -ga husikika Kigoma, Tabora, Mwanza na hata mitaani Dar es Salaam. Tunachokiita kosa la ng'ambo ya ziwa ni usemi wa watu wengi wa bara, pande zote mbili za maji.

Mfano wa pili ni kiambishi ka- cha udogo, na wingi wake tu-: katoto, tutoto. Katika usanifu udogo hubebwa na ki- na vi-, ambavyo tayari vina kazi nyingi nyingine. Ka- ya Kivu ina kazi hiyo moja tu, lakini huifanya kwa nyuso mbili: ya huruma na ya dharau. "Kamutu" aweza kuwa maskini anayestahili kuhurumiwa, au mtu asiye na maana. Muktadha, na katika wimbo sauti yenyewe, ndiyo huamua. Mtunzi hodari aweza kuanza ubeti kwa dharau na kuumaliza kwa huruma bila kubadili neno. Hiyo ni nyenzo ya kisanaa kamili, na mhakiki asiyeiona hana haki ya kutoa hukumu juu ya wimbo ulioitumia.

Kwaya, na yale yanayostahili lawama

Baada ya kuitetea lugha, ni lazima tuseme waziwazi kwamba utetezi huo si cheti cha kusifu kila kitu. Kipimo kisichoweza kulaumu si kipimo.

Tuanze na kwaya, kwa kuwa ndiyo shule kubwa ya uimbaji katika eneo hili. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Uswidi na Norwe walifanya kazi Kivu Kusini tangu miaka ya 1920, na makanisa yaliyotokana nao, pamoja na parokia za Kikatoliki na makanisa mengine, yameijaza miji na vijiji kwaya. Vita vilipoanza mwaka 1996, maelfu ya watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa, na kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma ikafunguliwa mwaka huohuo. Kwaya zilivuka pamoja nao, na baadhi zikarudi pamoja na waliorejea tangu 2005. Katika nyimbo hizo za kambini na za marejeo, maneno ya Biblia juu ya uhamisho hayakuwa tena mfano wa mbali. Mwimbaji aliyeutaja mto wa Babeli alikuwa na ziwa lake mwenyewe akilini.

Nyimbo za namna hiyo zinapofanikiwa, hufanikiwa kwa sababu Maandiko yamekutana na jambo lililotokea. Zinaposhindwa, na nyingi hushindwa, ni kwa sababu Maandiko yamebandikwa tu. Aya hufuata aya, hakuna mahali panapotajwa, hakuna mtu anayeonekana, na kwaya ya Uvira haiwezi kutofautishwa na kwaya ya mahali pengine popote ila kwa sare. Huo ni udhaifu wa kisanaa, na kuunyamazia kwa sababu ya heshima ya kanisa si kulisaidia kanisa.

Katika muziki wa dansi kuna ugonjwa mwingine, uliotoka Kinshasa. Huko huitwa libanga, neno la Kilingala lenye maana ya jiwe: mwimbaji "hutupa jiwe", yaani hutaja majina ya matajiri na wakubwa ndani ya wimbo ili alipwe. Tunaelewa sababu yake. Mahali ambapo nakala za kazi ya msanii hupita kutoka simu moja kwenda nyingine bila yeye kupata hata faranga, tajiri anayetaka kutajwa ndiye mlipaji wa hakika. Hata hivyo, sababu ya kiuchumi haiufanyi ubeti kuwa mzuri. Majina yanapozidi, wimbo hugeuka orodha, na siku tajiri akifilisika wimbo hufa pamoja naye.

Kwa vijana mtego ni mwingine tena. Muziki wa Dar es Salaam umewaonyesha kwamba Kiswahili chaweza kuuzwa dunia nzima. Innoss'B wa Goma alipoimba na Diamond Platnumz mwaka 2019, wengi waliona kwamba mlango umefunguka. Ni kweli umefunguka. Lakini wapo walioingia kwa kuiacha nje sauti yao: wanaimba juu ya mitaa ya Dar es Salaam ambayo hawajaikanyaga, kwa lafudhi ya Dar es Salaam, na neno la kwao likiponyoka hulifuta studioni. Aliyekimbia kipimo cha Kinshasa amejifunga kwa kipimo kingine.

Maswali matatu ya mhakiki

Kutokana na hayo, tunapendekeza maswali matatu ambayo mhakiki aweza kuuliza mbele ya wimbo wowote wa mwambao huu. Kwanza, je, lugha ya wimbo inafanya kazi ambayo lugha nyingine isingeifanya mahali hapo? Swali hili huchukua nafasi ya lile la zamani, kwamba lugha ni sanifu au si sanifu. Pili, je, wimbo unamjua msikilizaji wake? Remmy alijua anasema na nani. Wimbo wa kwaya uliobandikwa aya hausemi na mtu. Tatu, je, yakiondolewa majina ya wafadhili na mbwembwe za studio, kunabaki kitu? Maswali haya hayahitaji msanii awe amesafiri, wala hayamwonei huruma aliyebaki.

Yapo mambo ya kutendwa pia. Wimbo hauwezi kuhakikiwa kama haupo, na nyimbo za Uvira zinapotea. Mafuriko ya mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalibomoa maelfu ya nyumba mjini, na kaseti iliyowekwa kabatini haistahimili matope. Vita vimewafukuza watu majumbani zaidi ya mara moja tangu 1996, na anayekimbia huwabeba watoto kwanza. Sehemu kubwa ya sauti za kale za Kongo iko katika hifadhi za mbali, kama vile jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji na maktaba ya muziki aliyoianzisha Tracey Afrika ya Kusini mwaka 1954. Hatuzibezi hifadhi hizo, maana bila Tracey tusingemsikia Mwenda wa 1952. Lakini hatuwezi kungoja Tracey mwingine.

Kazi ya kwanza ni ndogo, na mwanafunzi yeyote aiweza: kusikiliza wimbo, kuandika maneno yake kama yalivyoimbwa bila kuyasahihisha, kuweka tarehe na mahali, na kumwomba mtunzi ruhusa. Tunasisitiza kutosahihisha. Mwandishi anayegeuza "tunaliaga" kuwa "huwa tunalia" amehifadhi maana na kuuacha wimbo upotee.

Hitimisho

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, na tumesikia hotuba nyingi juu ya Kiswahili kama lugha ya kuunganisha. Hotuba hizo zitakuwa na maana ikiwa Kiswahili kinachounganisha kina nafasi kwa wote wanaokiimba, wa pwani na wa bara. Vinginevyo mtoto wa Lubarika ataendelea kufundishwa darasani kuwa hana fasihi, kisha atoke nje na kuifuata barabara ya bondeni huku anaiimba.

Hatudai kwamba Uvira ina watunzi wakubwa waliofichika, ambao siku moja watagunduliwa. Pengine wapo, pengine hawapo. Tunadai jambo dogo zaidi: kwamba hatutajua mpaka tumewasikiliza kwa kipimo kinachowafaa, na kwamba kazi ya kusikiliza ni ya wenye lugha kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote.